Daktari mpya kituoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza udaktari wa jumla Tanga

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa madaktari vijana niliowapokea baada ya kumaliza utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo), wakapangiwa vituo vya afya vya hapa Tanga, mjini na vijijini. Karibu wote walifika wakiwa wanazijua dawa na wanaweza kuisoma picha ya kifua. Kilichowasumbua ni kitu kingine. Wodini walizoea kumpokea mgonjwa ambaye faili lake tayari lina jina la ugonjwa. Kituoni mgonjwa anaingia, anaketi, anasema: "Mwili wenyewe hauko sawa, daktari." Majibu yangu mengi yanazunguka hapo, kwa sababu hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Udaktari wa jumla si kituo cha kupita tu, wakati mtu anasubiri kwenda kusomea ubingwa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi wiki ya kwanza. Jibu ni hapana. Tiba ya familia ni fani kamili yenye mafunzo yake. Uingereza, daktari akimaliza chuo hufanya miaka 2 ya mafunzo ya msingi hospitalini, kisha miaka 3 ya kujifunza udaktari wa jumla peke yake. Marekani waliitambua tiba ya familia kuwa ubingwa mwaka 1969. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa kikifundisha shahada ya uzamili ya tiba ya familia Dar es Salaam.

Na hata kama wewe mpango wako ni upasuaji au watoto, miaka utakayokaa kituoni haipotei. Daktari bingwa aliyewahi kukaa zahanati au kituo cha afya unamtambua kwa namna anavyoisoma barua ya rufaa: anajua aliyeiandika alikuwa na nini mkononi na alikosa nini.

Siku ya kwanza ninatarajiwa niwe ninaweza nini hasa?

Uweze kumsikiliza mtu mpaka ukaelewa kilichomleta. Uweze kumpima kwa mikono, macho na masikio yako. Uweze kumtambua aliye mahututi hata akiwa amekaa kimya katikati ya foleni. Uweze kuanza matibabu ya dharura chache ambazo haziwezi kusubiri gari. Uandike maelezo ambayo mwenzako wa zamu ya usiku ataelewa. Ujue wakati wa kutoa rufaa. Na uweze kutamka neno "sijui" bila kutetemeka.

Hutarajiwi kujua kila ugonjwa. Anayekutarajia hivyo hajawahi kufanya kazi hii.

Foleni imefika getini. Nitapata wapi muda wa kumsikiliza kila mtu?

Unapata muda kwa kusikiliza, wala sisemi hivi kukupamba. Mwaka 1975 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti mdogo lakini mzito: wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje. Kwa wagonjwa 66 kati yao, daktari alikuwa ameshaufikia ugonjwa wenyewe baada ya kusoma barua ya rufaa na kusikiliza maelezo tu. Kupima mwili kulibadilisha jibu kwa wagonjwa 7, na vipimo vya maabara kwa 7 wengine. Hao walikuwa na maabara kubwa nyuma yao. Wewe ambaye vitendanishi vinaweza kuisha Jumatano, unahitaji masikio zaidi kuliko wao.

Tatizo ni kwamba tunakatiza. Utafiti mwingine, wa Marekani mwaka 1984, ulipima na kukuta madaktari wanamkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Jipime mwenyewe kesho.

Nitakupa mfano mmoja. Bibi mmoja kutoka upande wa Mwambani aliingia chumbani kwangu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. "Miguu inawaka moto," akasema. Mkono wangu ulishaanza kuandika diklofenaki. Nikaweka kalamu chini nikanyamaza. Akaanza kufungua fundo la kanga alimofungia hela, akalifunga tena. Kisha akasema, huku akitazama dirishani, kwamba siku hizi mjukuu wake anamlalamikia kwa kuamka usiku, maana wanalala chumba kimoja na yeye anatoka nje mara nne, mara tano. Anatoka kwenda wapi, bibi? "Haja ndogo, mwanangu. Na kiu." Sukari yake ilikuwa milimoli 19 kwa lita, kisukari tayari. Yote hayo yalichukua chini ya dakika tatu, na ningemwandikia dawa ya maumivu angerudi mwezi ujao na kidonda cha mguu.

Kwa hiyo: salamu kamili, swali moja lililo wazi ("karibu, unasumbuliwa na nini?"), halafu nyamaza. Akimaliza, uliza: "Na jambo lingine?" Hilo lingine, aghalabu, ndilo lililomleta.

Wagonjwa wanatumia maneno ambayo chuoni sikufundishwa. Mchango ni nini? Na mshipa?

Hili swali nalipenda kuliko yote, maana anayeliuliza ameshaanza kusikia.

Chuoni umesoma magonjwa kwa lugha ya vitabu. Hapa utakutana na magonjwa kwa lugha ya nyumbani, ya Kidigo, Kibondei, Kisambaa, Kisegeju, na Kiswahili cha pwani ambacho si kile cha taarifa ya habari. Maneno haya hayana tafsiri ya moja kwa moja, kwa hiyo usiyatafsiri kichwani. Muulize mgonjwa akuoneshe.

"Mchango" au "chango" kwa mwanamke mara nyingi ni maumivu ya chini ya kitovu, ya hedhi au ya kutopata mtoto. Ndani ya neno hilo moja mnaweza kuwemo maambukizi ya mirija, uvimbe wa kizazi, minyoo, au ndoa yenye miaka sita isiyo na mtoto na mawifi wanaoongea. Kwa mtoto mchanga ni tumbo linalomliza usiku.

"Mshipa" na "ngiri" kwa mwanaume ni vya kupimwa, si vya kuulizia tu. Inaweza kuwa ngiri ya kweli, inaweza kuwa busha. Pwani yetu ya Tanga imeishi na busha na matende kwa vizazi vingi kwa sababu ya minyoo inayoenezwa na mbu, na pamoja na kingatiba zilizogawiwa, bado wapo wazee wanaoficha uvimbe ndani ya kikoi kwa aibu. Busha linatibika kwa upasuaji. Wengine hawajui, na wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuwaambia.

"Kichomi" ni maumivu makali ya ubavuni. Fikiria nimonia, kifua kikuu, na kwa mzee usisahau moyo. "Safura" ni upungufu wa damu: angalia macho, viganja, uliza kinyesi na minyoo. "Mwili kufa ganzi" uliza sukari, uliza pombe, tazama ngozi kama kuna baka lisilohisi, dalili ya ukoma.

"Degedege" inataka maelezo ya pekee. Ni mtoto anayetikisika kwa homa. Wazazi wengi wa pwani wamelelewa kuamini kwamba degedege haitokani na homa ya kawaida, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo imechelewesha watoto wengi wenye malaria kali. Usimfokee mama. Aliyemleta kwako ameshashinda mabishano makubwa nyumbani, huenda na mama mkwe wake mwenyewe. Mwambie: "Umefanya vizuri kumleta." Mlaze mtoto ubavu, pima sukari, pima malaria, angalia shingo kama imekakamaa, na kabla ya sindano mweleze kila unachofanya na kwa nini.

Mawili ya mwisho: kikohozi kisichoisha cha mtoto kinaweza kuwa kimempeleka kwa mtu wa kukata "kimeo", kile kinyama kinachoning'inia kooni, na mtoto mwenye homa na kuharisha anaweza kuwa ameng'olewa "meno ya plastiki", ambayo ni chipukizi za meno yake halisi. Mfungue mdomo uangalie. Utaona damu au usaha pale ambapo hakuna aliyekutajia.

Tuna vipimo. Kwa nini unasisitiza kupima kwa mikono?

Kwa sababu mashine inajibu swali uliloliuliza tu, na kama hukumgusa mgonjwa hujui uulize nini.

Chukua pumzi za mtoto unayemshuku nimonia. Kila daktari anajua idadi: dakika moja, mtoto wa chini ya miezi 2 pumzi 60 au zaidi ni za haraka, miezi 2 hadi 11 ni 50, mwaka 1 hadi miaka 5 ni 40. Lakini nawaangalia madaktari vijana wakihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne huku mtoto analia na shati limefungwa hadi shingoni. Idadi hiyo haina maana. Fanya hivi: mwache mtoto mapajani mwa mama, anyonyeshwe kwanza, atulie. Mama ainue nguo mpaka uone kifua na tumbo. Simama pembeni asikuone usoni. Hesabu dakika nzima, saa mkononi. Halafu tazama chini ya mbavu: je, panabonyea ndani kila akivuta hewa? Ukiona hapo panabonyea, umeshapata jibu lako kabla ya stetoskopu kugusa ngozi.

Presha nayo inapimwa vibaya kila siku. Mgonjwa ametembea toka stendi, kaingia, mkanda umefungwa juu ya mkono wa buibui, anaongea, mkono unaning'inia. Inatoka 160 na anaanzishiwa dawa ya maisha. Mkalishe dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, mkanda unaomtosha, na wote mnyamaze. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, irudie, na usimbandike mtu jina la presha kwa kipimo cha siku moja isipokuwa iko juu sana au ameshaanza kuumizwa nayo. Mjamzito ni habari nyingine kabisa: yeye 140 kwa 90 ni ya kushughulikiwa leo hii, pamoja na kipimo cha protini kwenye mkojo.

Mtoto ana homa, kipimo cha haraka cha malaria kimesema hana. Nimpe dawa mseto hata hivyo?

Usimpe. Kipimo kikisema hana, kazi yako ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, Dar es Salaam na Ifakara, kwa watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za nje. Malaria ilikuwa kwa kama mtoto 1 kati ya 10. Zaidi ya 6 kati ya 10 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi ya virusi yasiyohitaji antibayotiki.

Tazama masikio, koo, kifua, ngozi, viungo, mkojo. Ulizia dalili za hatari: hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki. Ikiwepo hata moja, huyo si wa kurudi nyumbani. Zisipokuwepo, mweleze mama kwa maneno yake mwenyewe dalili hizo nne, na amrudishe mtoto siku ya pili au ya tatu homa ikiendelea.

Dharura zipi ni lazima niziweze mwenyewe kabla ya gari la wagonjwa?

Anza na chumba cha kujifungulia, hata kama hukupenda zamu za wazazi. Kifafa cha mimba: magnesiamu salfeti, gramu 4 mshipani polepole na gramu 10 za misuli, nusu kila tako, ndipo aondoke. Asiondoke kabla. Damu nyingi baada ya kujifungua: ita watu, sugua kizazi, oksitosini yuniti 10, toa mkojo, kagua kondo kama limetoka zima, tafuta michaniko, na asidi ya traneksamiki gramu 1 ndani ya saa 3. Haya yafanyike kwa mikono mitatu minne kwa wakati mmoja, na ndiyo maana lazima myafanyie mazoezi siku ambayo hakuna anayetoka damu.

Mtoto aliyezaliwa halii: mkaushe, mchangamshe, msafishe njia ya hewa pale tu inapohitajika, na kama hapumui mpe hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Wanaiita dakika ya dhahabu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoonesha kwamba mafunzo haya mepesi yanaokoa: katika hospitali 8 zilizofuatiliwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2013, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Na kifaa chenyewe ni mfuko wa plastiki na barakoa. Kila ukiingia zamu, kitafute, kibonyeze, hakikisha hakivuji.

Mengine yafuate: mtoto aliyeishiwa maji, pumu iliyobana, sukari iliyoshuka, ajali ya bodaboda. Na kwa sababu uko pwani, mvuvi atakuja na mguu uliochomwa na mwiba wa samaki taa, akiwa analia kama mtoto. Mtumbukize mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kustahimili, mengine baadaye: maumivu hupungua kwa namna itakayokushangaza. Kisha safisha, tafuta kipande cha mwiba kilichobaki, kumbuka pepopunda. Aliyeumwa na nyoka, usimchanje wala usimfunge kamba ya kukaza. Mtulize kiungo kisisogee, mfuatilie.

Mama mtu mzima amekataa kupimwa kwa sababu mimi ni mwanaume na ni kijana. Nifanye nini?

Ana haki. Muulize kama angependa nesi wa kike ampime, au awepo chumbani. Pazia livutwe, funua sehemu unayoipima tu, na mwombe ruhusa upya kila hatua. Mara nyingi anayekataa saa tatu hukubali saa nne, baada ya kuona hukuudhika.

Wagonjwa wangu wa kisukari wanafunga Ramadhani. Niwakataze?

Ukiwakataza kwa amri watafunga na hawatakwambia. Hapa Tanga hilo nimeliona miaka yote. Waite mapema, wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, mkae.

Wapo ambao kufunga ni hatari kweli: wenye figo zilizochoka, aliyepoteza fahamu kwa kushuka sukari miezi ya karibuni, mjamzito anayetumia insulini. Hao waambie wazi, na uwakumbushe kwamba Kurani yenyewe imemruhusu mgonjwa. Ukiwa na imamu anayekuelewa, mshirikishe. Neno lake litaingia pale ambapo lako linagonga mlango.

Wanaoweza kufunga wapangie. Metifomini ihamie kwenye futari na daku. Glibenklamidi ichunge sana maana ndiyo inayowaangusha watu saa kumi jioni, dozi kubwa iende futari na nyingine ipunguzwe au iondolewe. Daku iliwe karibu na alfajiri, si saa tano usiku. Futari ya Tanga unaijua: tambi, viazi vitamu, mihogo ya nazi, kaimati, uji wa sukari, vyote kwenye sinia moja. Usimwambie asile, mwambie achague kimoja cha wanga na ajaze samaki na mboga. Mwambie pia kwamba masheikh wengi wanasema kuchoma kidole kupima sukari hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikapanda kupita 16.7, afungue saa hiyo hiyo, hata kama imebaki nusu saa magharibi iingie.

Barua ya rufaa iwe na nini?

Nilipokuwa mpya, katika kituo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja, nilimwandikia rufaa kijana mwenye maumivu ya tumbo. Niliandika mstari mmoja: "Naomba apokelewe kwa matibabu zaidi." Sikuandika kwamba nilishampa dawa kali ya maumivu saa mbili kabla. Alipofika alikuwa ametulia, tumbo limelegea, akawekwa benchi kusubiri. Kidole tumbo kilipasuka usiku ule. Alipona, lakini alilazwa wiki tatu, na mama yake alinijia kunishukuru kwa kumpeleka hospitali mapema. Nilishindwa kumtazama.

Tangu hapo barua zangu zina haya: kilianza lini na vipi, nilikuta nini, pamoja na presha, mapigo, pumzi, joto, ninashuku nini, nimempa nini, kiasi gani, saa ngapi, ninaomba afanyiwe nini, namba yangu ya simu. Halafu piga simu kabla gari halijaondoka. Wanaopokea pale Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, wakijua mama mwenye kifafa cha mimba yuko njiani kutoka Pongwe, watakuwa wameandaa kitanda.

Na muombe mgonjwa arudi na majibu. Rufaa isiyorudi na majibu imekunyima somo.

Nikiwa sijui ugonjwa ni nini?

Sema. "Bado sijajua, lakini nimeangalia mambo ya hatari na sijayaona. Ngoja nisome kidogo." Fungua Mwongozo wa Taifa wa Matibabu mbele yake. Sijawahi kuona mgonjwa aliyeondoka kwa sababu daktari alifungua kitabu. Nimeona walioondoka kwa sababu daktari alidanganya.

Na katika kazi yetu, kutokujua leo hakumaanishi kutokujua kesho kutwa, ndiyo maana swali linalofuata ni kubwa.

Nimwambie mgonjwa arudi lini?

Neno "ukizidiwa urudi" halisaidii mtu. Kuzidiwa ni nini? Mzee wa Kisegeju aliyezoea bahari hazidiwi mpaka ashindwe kusimama.

Mwambie mambo matatu. Ninatarajia nini kitokee ("kuharisha kutapungua ndani ya siku tatu, ORS mpe mpaka kuharisha kuishe, zinki endelea siku 10 hata akipona"). Dalili zipi zikitokea aje siku hiyo hiyo bila kungoja, na aje wapi ikiwa ni usiku. Na kama hakuna kilichobadilika, aje lini. Kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake. Akisema tofauti na ulivyokusudia, kosa ni la maelezo yako, eleza tena.

Muda ni kipimo ambacho hospitali kubwa haina na wewe unacho. Bingwa anamwona mtu mara moja, anatakiwa ajue siku hiyo. Wewe utamwona tena Alhamisi, utamwona akija na mjukuu, utamwona akipita na baiskeli. Homa isiyo na jina siku ya kwanza ina jina siku ya nne. Kikohozi cha wiki mbili hakiitwi tena mafua, makohozi yaende kupimwa kifua kikuu. Kilo alizopoteza mama muuza samaki utaziona kwa sababu ulimpima Februari na ukaandika. Kwa hiyo andika uzito kila safari. Najua mzani uko chumba kingine. Andika.

Tabibu niliyemkuta ana miaka 20 kazini. Nani anamfundisha nani?

Yeye anakufundisha kituo, wewe unamletea yaliyobadilika kwenye miongozo. Muite kaka au mzee kulingana na umri wake, muulize mbele za watu, mrekebishe faraghani. Mkunga mzoefu akikwambia "daktari, huyu mama simpendi alivyo", simama uende ukamwone hata kama vipimo vyote ni vizuri. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wajue kwa majina. Wao wanajua nyumba ipi mtoto hajaletwa kliniki.

Mgonjwa anadai sindano, au antibayotiki. Nisipompa ataenda duka la dawa.

Huenda akaenda kweli. Uliza kwanza anaogopa nini. Baba anayedai sindano kwa mafua ya mtoto mara nyingi aliwahi kuzika mtoto. Mpime mtoto mbele yake, mwambie unachokiona wakati unakiona: "masikio safi, kifua kinaingia hewa vizuri, pumzi 32." Mweleze cha kufanya, maana mtu hawezi kuondoka na "hapana" tupu mkononi. Baadhi watakwenda dukani hata hivyo. Endelea.

Jirani akinisimamisha Mgandini sokoni na kuniuliza majibu ya mkewe?

Msalimie vizuri, umuulize hali ya nyumbani, na umwambie kwamba majibu ni ya mwenye mwili, waje pamoja mke akipenda. Tanga ni mji wa watu wanaojuana. Ukiongea mara moja kuhusu kipimo cha VVU cha mtu mmoja, kliniki yako ya tiba na matunzo itapoteza watu ambao hawatakwambia kwa nini wamehamia wilaya nyingine. Siri inaanzia dirisha la chumba: sikiliza ukiwa kwenye benchi la nje, uone kama unasikia ya ndani.

Mtu anasema ana "mawazo". Hilo nalo ni la daktari?

Ni la daktari kabisa. Atakuja kwa kichwa, kwa moyo kwenda mbio, kwa usingizi kukatika saa nane za usiku. Uliza kuhusu nyumbani, deni, kipigo, msiba. Ukihisi giza ni zito, uliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujidhuru?" Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, kunampa mlango. Usimwache peke yake akijibu ndiyo. Funga mlango ukiwa naye ndani, ita mtu wa familia anayemwamini yeye, na mpigie simu mwenzako wa afya ya akili kabla hajatoka.

Siku ya kwanza nije na nini?

Saa yenye mshale wa sekunde. Stetoskopu yako mwenyewe, tochi ndogo, futi ya mshonaji kwa ajili ya tumbo la mjamzito. Leseni yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika, nakala mbili. Daftari dogo la mfukoni: kila jioni andika wagonjwa wawili ambao hukuwaelewa, bila majina, na tarehe utakayouliza walivyoendelea. Viatu vilivyofungwa, maana ukipelekwa kutembelea zahanati za upande wa Tongoni wakati wa masika utashuka kwenye pikipiki mara kadhaa. Fika saa moja na nusu, kabla ya dirisha kufunguliwa, upite benchini uwaamkie waliokaa. Angalia nani hajainua kichwa kuitikia, na uanze na huyo.